Kifuniko Nusu

Mimi nimezunguka nchi arobaini na mbili, na hakuna mwanamke wa Muheza aliyeiona dunia kama nilivyoiona mimi. Ukiniambia nizitaje nitakutajia nne, na mbili katika hizo nilipita nikiwa nimesinzia. Lakini Katini niliiona kwa macho yote mawili, tena baada ya kupata miwani, kwa hiyo hii mniamini. Namna nilivyofika si kitu. Kila msafiri hueleza milima na mito aliyovuka, na wanaomsikiliza wanangoja afike. Nilifika.

Katini ni nchi safi yenye watu wapole, na inapenda katikati kuliko kitu kingine chochote. Kila nyumba ina mlango katikati ya ukuta. Watu hutembea katikati ya barabara, na magari hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana hospitali yao ni kubwa. Juu ya lango la mji wameandika ibara ya kwanza ya sheria yao: Kila mtu yuko huru kuamini atakacho, mradi imani hiyo isionekane, isisikike wala isinukie. Nilipoisoma nilidhani ni utani, nikageuka kutafuta anayecheka. Hakuwepo.

Dini zao ni mbili. Wafunikaji wanaamini kwamba baraka hushuka ndani ya chakula kinapoiva, kwa hiyo sufuria hufunikwa, na kabla ya kuifunua mtu huweka kiganja juu ya kifuniko akasema mistari minne. Wafunuaji wanaamini kwamba mvuke ndio unaopeleka shukrani juu, kwa hiyo sufuria hufunuliwa, na watu hukaa kimya mpaka mvuke umalize kupanda. Nimewaeleza yote, hakuna zaidi. Wote wanamwita Mungu kwa jina lilelile na wote wanapika wali wa nazi uleule. Kwa miaka mingi walioana, wakazikana, wakachekana jikoni, mpaka serikali ilipoona kwamba wanahitaji kusaidiwa.

Nilifikia kwa mwanamke anayeitwa Mwasiti, Mfunikaji, mwenye binti mmoja wa miaka saba. Mtoto huyo, Kidawa, hakuwa na meno mawili ya mbele na hilo halikumzuia kusema. Baba yake, Mhando, ni fundi wa viti. Aliwahi kuugua sana, akauguzwa na majirani Wafunuaji, akainuka kitandani akiwa mmoja wao. Baadaye yeye na Mwasiti waliachana. Nikamwuliza Mwasiti kama waliachana kwa ajili ya dini.

"Kwa ajili ya mama yake, bibi," akasema. "Alikuja kutusalimia siku tatu, akakaa mwaka na miezi minne. Lakini fomu ya mahakama haina nafasi ya mama mkwe. Ina nafasi ya dini."

Basi wakajaza dini, na matata yote yakaanzia hapo.

Mahakama ya Malezi iliamua kwamba Kidawa akae nusu ya wiki kwa mama na nusu kwa baba. Mpaka hapo sina neno, hata kwetu watu wenye akili hufanya hivyo. Lakini mahakama ile ina sheria kali ya kutoingilia dini ya mtu, na inaiheshimu mno. Kwa hiyo haikuingia kwenye dini, iliingia jikoni. Iliamuru kwamba popote atakapokuwa mtoto, sufuria isifunikwe wala isifunuliwe: kifuniko kikae nusu. Nusu kamili, yenye kupimwa.

Ninyi mnaopika mmeshaelewa. Wali wa kifuniko nusu unaungua chini na juu unabaki mchele. Nilikaa Katini wiki tano, na kila nyumba yenye mtoto wa wazazi wa pande mbili nilitafuna kama kuku. Nikiuliza, naambiwa ndiyo ladha ya haki.

Siku ya pili tangu nifike alikuja Karani Pazi. Huyu ni mzee mwembamba, karani wa mahakama na mpima vifuniko, anatembea na mkoba na rula ya shaba. Aliniamkia vizuri, akaingia jikoni bila kuvua viatu, akakuta sufuria ya Mwasiti imefunikwa yote, na juu ya kifuniko kuna makaa ya moto. Alitazama. Akainama, akanusa. Akaandika kwa muda mrefu.

Mwasiti akamweleza kwamba amepalia wali. Ndiyo kazi ya makaa juu ya kifuniko, joto litoke juu na chini, wali ukauke vizuri. Mtoto ametapika mara mbili wiki ile kwa kula mchele, sasa afanyeje. Karani Pazi akajibu kwa upole kwamba yeye hawezi kusema kama aliyoyaona ni mapishi au ni ibada, maana watumishi wa mahakama huapa kwamba hawajui neno hata moja la dini yoyote. Angejuaje? Anachojua ni kwamba rula yake inasema nusu, na kile kilikuwa kizima.

Kisha akanigeukia mimi, akataka kujua dini yangu. Nikamwambia ninayo, nimekuja nayo kutoka kwetu. Akauliza ni Mfunikaji au Mfunuaji. Nikasema si huyu wala yule. Akatazama fomu yake, akaona nafasi tatu, akatia alama kwenye ya tatu: Hana. Miaka sabini na moja ya kupiga magoti ikafutwa kwa kalamu inayovuja. Na kwa kuwa sasa sikuwa na dini, akanipa cheo hapohapo. Nikawa Mtu wa Kati, shahidi anayekubalika na mahakama, na nikatakiwa kufika Jumatatu.

Mahakama yenyewe ni ukumbi mrefu, na kiti cha hakimu kimewekwa katikati kabisa, hivyo nusu ya watu wanamwona mgongo. Hakimu alikuwa Mheshimiwa Rukonge, mama wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyeshiba. Nilielezwa sababu. Mahakimu wa Katini hawaruhusiwi kula chakula cha sufuria, wasije wakaonekana wana upande. Wanakula mkate mkavu, na Mheshimiwa alikuwa ameula kwa miaka kumi na minne. Kila asubuhi anasimama na kuapa: "Sina upande. Sijui neno la upande wowote, na mdomo wangu haujawahi kulitamka." Karani Pazi naye anaapa hivyohivyo baada yake. Aliniambia kwa fahari kwamba hakimu akionekana ana upande, sheria inamtaka amkabidhi karani mhuri, hukumu inakufa, na mtoto anarudi alikokuwa. Nikamwuliza limewahi kutokea mara ngapi. Akasema katika miaka arobaini, hata mara moja.

Alikuwepo pia wakili wa mtoto, kijana nadhifu ambaye hajawahi kumwona mtoto. Angemwona angempenda, na hapo angekuwa na upande. Kidawa mwenyewe alikaa kwenye benchi kati ya wazazi wake, akichezesha miguu, na hakuulizwa kitu. Mtoto wa Katini haulizwi. Maneno yake yanahesabiwa kuwa ya mzazi aliyemlisha mara ya mwisho.

Mjadala ulichukua siku mbili, na nasema mjadala kwa sababu nimelelewa vizuri. Walianza na makaa. Wakili wa mtoto alisema kaa moja juu ya kifuniko laweza kuwa ajali, matatu ni mapishi, lakini kuanzia saba mtu ana nia. Mwasiti aliweka tisa. Wakabishana kama kaa lililovunjika katikati ni moja au mawili. Kisha wakamgeukia Mhando, maana naye Karani Pazi alimkuta sufuria iko wazi kabisa. Mhando alisema alikuwa anaonja chumvi. Karani akasoma daftari lake: uonjaji ulichukua dakika mbili na nusu, bila mtu kusema neno. Wakili akataka kujua ni chumvi gani hiyo.

Nilipoitwa, waliniuliza swali moja, kwamba wali unaivaje. Nikasema wali usipofunikwa hauivi. Nikasema vilevile kwamba usipofunuliwa hauliwi. Mheshimiwa akaamuru sentensi ya kwanza ifutwe kwa kuwa ni ya upande mmoja, na ya pili ifutwe kwa kuwa ni ya upande wa pili. Ushahidi wangu ukabaki kuwa jina langu, Bi Sikudhani binti Omari, na hilo pia lilijadiliwa.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipotoa kusudio lake. Kwa kuwa wazazi wote wawili wameshindwa kukaa nusu, mtoto atapelekwa Nyumba ya Kati mpaka atimize miaka kumi na minane. Hukumu itasomwa na kugongwa mhuri Ijumaa.

Mhando alisimama. Huyu ndiye aliyekuwa anadai apewe mtoto peke yake, tena kwa wiki tatu hakuwa amempa Mwasiti hata salamu. "Mheshimiwa, basi na akae kwa mama yake," alisema. "Siku zote. Afunike anavyotaka. Mimi nitakuwa naenda kumwona."

Mwasiti naye akasema siku zigawanywe kama zamani, baba afunue kwake, yeye hana kinyongo tena. Wazazi wakawa wamekubaliana, mbele ya mashahidi. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikijua shauri limekwisha.

Wakili wa mtoto alipinga. Alisema mapatano ya watu wawili wenye upande ni upande mara mbili, na mahakama ikakubali. Nikauweka mkoba wangu chini.

Wazazi hawaruhusiwi kuingia Nyumba ya Kati, lakini Mtu wa Kati anaruhusiwa, basi Mwasiti akanituma nikaone. Ni jengo jeupe, lina vitanda vyeupe, na watoto wanakula mkate wa baridi ili mtu asipendelewe. Kabla ya kula, wote husimama wakautazama ukuta, mikono nyuma, wakahesabu mpaka thelathini. Nikamwuliza msimamizi kama hiyo ni sala. Alikasirika. Akasema ni utaratibu. Nikauliza nani aliuanzisha, akanionyesha picha ya mwasisi, imewekewa ua na taa ndogo. Nikauliza mtoto asipohesabu inakuwaje.

"Hali chakula," akasema.

Niliporudi nilimwambia Mwasiti kwamba vitanda ni visafi. Alinitazama, akaendelea kukuna nazi. Mimi nikaanza kuhangaika kama wazee wanavyohangaika wakikosa la kufanya. Nikamwambia anipe ile mistari minne niiandike kwenye karatasi, nimshonee Kidawa kwenye pindo la gauni, akaende nayo. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne lakini unasomeka.

"Haiandikwi, bibi," alisema. "Tangu ianze haijaandikwa popote. Mtu anaipata mkono wake mdogo ukiwa chini ya mkono wa mama yake, juu ya kifuniko, kinachoma kidogo. Mimi niliipata hivyo na mama yangu aliipata hivyo. Ukiisikia kwa mtu, ujue alikuwa na mtu."

"Na kwa Mhando?"

"Kwa Mhando hakuna hata maneno. Utajifunza wapi kunyamaza na mtu, kama hukukaa naye?"

Kidawa alikuwa chini ya meza anamvisha mwanasesere. Nikamwuliza yeye anafanyaje, huku kunafunikwa na kule kunafunuliwa, hachanganyikiwi? Alinitazama kama vile nimemwuliza anajuaje mguu wa kulia.

"Kwa mama nafunika, kwa baba nafunua," akasema. "Sijawahi kukosea. Bwana Pazi ndiye anakosea."

Siku ya Alhamisi nilikwenda mahakamani nikaomba jambo moja. Nilisema kwamba ushahidi wangu ulifutwa kwa kuwa ulikuwa maneno. Basi mahakama initazame nikipika wali, mbele yao, kwa kifuniko nusu kama sheria inavyotaka, na mwingine kwa kifuniko kizima, ili hukumu isomwe kielelezo kikiwa mezani. Wakatini wanapenda vielelezo. Mheshimiwa akakubali. Sitawadanganya kwamba sikuwa na nia nyingine. Nilikuwa nimeyaona macho yake kila nilipotamka neno nazi.

Ijumaa niliwasha majiko mawili ukumbini. Sufuria ya nusu ilitoa harufu ya kuungua mapema, karani akaiandika. Sufuria ya pili niliipika kama ninavyowapikia wageni. Nazi mbili, tui zito mwisho, iliki ambayo hata haikuhitajika, na makaa juu, nikimruhusu wakili ayahesabu. Niliwaomba wote watulie wakati wali unapaliwa, na kwa kuwa ni watu wenye adabu, walitulia. Harufu ikajaa ukumbi. Nikamwona Mheshimiwa akimeza mate, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha nikaacha kuhesabu kwa heshima.

Ulipokuwa tayari nikaondoa makaa, nikaibeba sufuria kwa matambara, nikaiweka mezani kwake, imefunikwa. Karani Pazi alisogea aifunue. Nikasema hapana, mimi nimesoma kidogo lakini najua kielelezo hakiguswi na kila mtu, afunue mwenye hukumu. Mheshimiwa akakubali kwamba ndivyo. Mhuri ulikuwa kando ya sufuria, umeshapakwa wino. Karatasi ya hukumu ilikuwa chini yake. Mwasiti alikuwa ameshika gauni la mtoto kwa nyuma, na Mhando ameshika benchi.

Mheshimiwa akanyoosha mkono. Angeweza kushika kishikizo cha kifuniko, kipo, watu wote wanakishika. Hakukishika. Kiganja chake kilitua juu ya kifuniko, bapa, kikatulia hapo. Akafumba macho. Midomo ikaanza kwenda.

Haikuchukua muda. Hata mimi niliyekuwa nimekaa mkabala naye nisingeapa. Alifumbua macho, akafunua, mvuke ukapanda, na Mhando akanyamaza kwa namna yake bila mtu kumwandika. Ingepita hivyo. Lakini Kidawa alikuwa ameshafika mezani, na hakuna aliyemwona akiondoka kwenye benchi, ila kipande cha pindo la gauni kilikuwa kimechanika na kubaki mkononi mwa mama yake.

"Mheshimiwa," alisema, "umeruka mstari wa tatu."

Mheshimiwa Rukonge akaweka kifuniko chini taratibu. Akasema alikuwa anapima joto la sufuria, kwa usalama wa mahakama.

"Joto unalipima kwa kidole," mtoto akasema. "Wewe umesema. Ule wa kwanza umeusema, na wa pili, halafu ukaenda wa nne."

Wakili akasimama kukumbusha kwamba maneno ya mtoto hayapokelewi. Mheshimiwa alikuwa anautazama mkono wake. Kiganja kilikuwa chekundu, na nadhani alikuwa amesahau kwamba huwa kinachoma. Sikufurahi, ingawa nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Mwanamke wa watu, kinywani ana miaka kumi na minne ya mkate mkavu, na kila Mfunikaji aliyepita mbele yake, yeye amemhukumu vikali kuliko wengine ili asidhaniwe. Akausukuma mhuri kuelekea kwa karani.

Karani Pazi aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amengoja siku hiyo miaka arobaini na sasa hajui aifanyie nini. Alimtazama bosi wake kwa huruma, kisha akainama kwa Kidawa, akamwambia kwa sauti ya kuelimisha, ili tu haki itendeke:

"Hakuuruka, mjukuu wangu. Watu wa milimani, mstari wa tatu wanaumalizia mwishoni."

Akasimama wima. Akaona ukumbi mzima unamtazama. Akautazama mhuri, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetafuta wa kumpa, na baada ya karani sheria haina mtu.

"Niliisoma," akasema. "Mahali fulani. Zamani. Niliisoma kitabuni."

Kidawa alikuwa ameshachukua kijiko.

"Haijaandikwa, babu," akasema.